Jini la Speciose Lililotoka Nyarubungo

Majini yote yaliyowahi kukemewa katika kanisa la kijiji cha Mbuba yametoka baharini. Jambo hili halina ubishi, kwa sababu yenyewe ndiyo husema. Mtu akianguka mbele ya madhabahu Ijumaa mchana, kiongozi wa maombi akauliza, "Umetoka wapi?", sauti nene hujibu kwamba imetoka chini ya Bahari ya Hindi, na waumini huitikia "Moto!" bila kushangaa. Kutoka Mbuba hadi baharini ni siku mbili kwa basi. Katika kanisa zima ni watu wawili tu waliowahi kuiona bahari hiyo, na mmoja wao alikuwa anasinzia. Ziwa Victoria liko karibu zaidi, lakini hakuna jini lililowahi kukiri kuwa ni la huko.

Speciose Niyibizi alikuwa na miaka thelathini na saba alipogunduliwa kuwa na jini mahaba, yaani lile la kiume linalojifanya mume wa mwanamke ndotoni na kumzuia asiolewe na mume wa kawaida. Ugunduzi huo ulifanyika wiki nne kabla ya harusi yake. Ama jini hilo lilikuwa zembe, au lilishtuka limeshachelewa.

Kabla ya hapo Speciose alijulikana kwa mashine ya kusaga. Aliirithi kwa baba yake, mzee Niyibizi, aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana, akalima Mbuba, akazeeka Mbuba, akazikwa Mbuba, na mpaka siku ya mazishi bado kulikuwa na watu waliomwita mgeni. Speciose alibeba gunia la mahindi kama mwingine anavyobeba mtoto wa jirani, yaani bila furaha kubwa lakini bila taabu. Jioni alitoka mashineni mweupe kuanzia nyusi hadi kandambili. Kutoolewa kwake kulikuwa na sababu nyepesi: aliowapenda hawakumpenda, na waliompenda hakuwapenda. Maelezo haya yanatosha sehemu nyingi za dunia. Mbuba hayakutosha.

Kisha ringi za pistoni zikaisha, na fundi akaitwa kutoka Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo.

Fundi huyo alikuwa Danstan Bernardo, Msubi kwa kabila, mgane wa miaka arobaini na nne, mwenye pikipiki, sanduku la spana na ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza ilikuwa imesahaulika. Alifunga ringi mpya, akanywa uji, akaondoka. Mwaka huo mashine iliharibika mara mbili. Mwaka uliofuata iliharibika mara kumi na moja, na katika hizo, mara nne ni mkanda tu uliokuwa umeteleza, kitu ambacho Speciose alikuwa akikirudisha kwa mguu tangu akiwa darasa la sita.

"Fundi, inagonga," alimwambia siku moja.

"Inagonga wapi?"

"Huku ndani ndani."

Danstan akainamisha sikio kwenye injini. "Mbona mimi siisikii?"

"Huwezi kuisikia umesimama. Kaa kwanza."

Danstan akakaa. Hakuna kilichogonga. Alikaa hadi saa kumi na moja jioni akiisikiliza mashine iliyozimwa, na mwezi uliofuata wazee wa Nyarubungo wakaja Mbuba na barua ya posa. Mchungaji Wiston akaisoma mbele ya kanisa. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, ikabaki fomu.

Mchungaji Wiston alikuwa kijana aliyeoa mwaka mmoja uliopita, mwenye viatu safi hata wakati wa masika. Alikuwa amerudi kutoka semina Mwanza na fomu ya maswali ishirini na mawili, ya kuwachuja wachumba kabla ya ndoa. Nia ilikuwa njema. Aliyepewa kazi ya kuwahoji wachumba wa kike ni Mama Eufrazia, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa swali moja: "Unampenda?" Kisha humtazama mtu usoni, na uso ukimtosha anasema haya, nenda. Sasa alipewa karatasi, kalamu, na miwani ya kuazima.

"Shikamoo, mama," Speciose akasema siku ya kuhojiwa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umewahi kuvaa hirizi?"

"Hapana, mama."

"Huwa unaota unaogelea?"

"Wapi?"

Eufrazia akasogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. "Haijaandikwa wapi."

"Sijui kuogelea, mama."

"Hata mimi," Eufrazia akasema, akaandika hapana.

Wakapita kula nyama ndotoni, wakapita kupaa angani, wakafika swali la kumi na nne: Je, huwa unaota uko na mwanaume?

Speciose alikuwa mtu wa kanisa kweli. Aliamini kwamba shetani yupo, na kwamba mtu hapaswi kulidanganya kanisa. Akasema, "Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi kidogo."

"Anavaa nini?"

"Shati jeupe."

Eufrazia akaandika shati jeupe. Fomu ilitaka kujua mavazi, marudio, na kama mwanamke huamka amechoka. Haikuwa na nafasi ya kuuliza ni mwanaume gani, na Eufrazia, ambaye kwa akili yake mwenyewe angeuliza hilo kabla ya lingine lolote, alikuwa anafuata karatasi.

Mwanaume huyo alikuwa Danstan. Hakuwahi kuwa mwingine. Kitu pekee cha ajabu katika ndoto hiyo ni shati, maana Danstan hakuwa nalo.

Speciose angesema, ila swali la kumi na tano lilifuata mara moja: Je, umewahi kuwa na tamaa ya mwili kwa mchumba wako? Chini yake, kwa herufi ndogo, mshauri alielekezwa kwamba anayejibu ndiyo awekwe chini ya nidhamu miezi mitatu, akae benchi la nyuma, na ndoa isubiri. Speciose alisoma herufi hizo zikiwa juu chini, kutoka upande wa pili wa meza.

"Hapana, mama," akasema haraka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Na hapo ndipo jini lilipozaliwa. Kwenye karatasi palikuwa na mwanamke anayetembelewa ndotoni na mwanaume asiyetajwa, mwenye shati jeupe, na ambaye hana hamu hata kidogo na mchumba wake. Mchungaji Wiston aliisoma mara mbili. Semina ya Mwanza ilikuwa imemwelezea mtu huyu huyu, karibu kwa jina. Akatoa uamuzi: jini litolewe kwanza, ndipo ndoa ifungwe. Na likishatoka, wanandoa watakuwa chini ya uangalizi mwaka mmoja. Kila mwezi Mama Eufrazia atamuuliza Speciose habari za chumbani na kuzipeleka ofisini, ili jini likirudi lijulikane mapema.

Ijumaa ya kwanza maombi yalianza saa nane mchana. Aliyeongoza ni Shibuda, Msukuma mwenye kifua kama pipa, aliyeuza dagaa Benaco siku za soko na kukemea mapepo siku nyingine, kwa sauti ile ile. Wanawake wawili walisimama na vitenge tayari kuwafunika wanaoanguka. Watu wanane waliwekewa mikono. Saba walianguka vizuri. Speciose alibaki wima. Shibuda akamsukuma kidogo kwenye paji la uso, kama wafanyavyo, na kwa kuwa shingo ya Speciose ilizoea kubeba magunia, aliyerudi nyuma hatua moja ni Shibuda.

"Ni la aina ngumu," akatangaza. Kisha akaligeukia jini. "Wewe mwanaume wa ndotoni! Shika moto! Kichwa kiungue! Magoti yalegee! Usile, usinywe, usipate usingizi!"

"Moto!" kanisa likaitikia.

Jumamosi asubuhi Danstan akapiga simu kutoka Nyarubungo.

"Naumwa, Speciose. Kichwa kinapasuka, magoti hayana nguvu. Hata uji haupiti."

Speciose akakaa juu ya gunia. "Imekuanza saa ngapi?"

"Jana. Saa tisa hivi, alasiri."

"Mungu wangu. Ni sisi."

"Nyie akina nani?"

Akamweleza yote, kuanzia shati.

"Kwa hiyo," Danstan akasema taratibu, "wananichoma mimi."

"Hawajui kama ni wewe."

"Na moto unajua?"

"Umepima?"

"Nimepima. Wameona malaria, nimepewa dawa mseto."

"Basi ni malaria."

"Ni malaria," Danstan akakubali. Kisha akauliza, "Ijumaa ijayo wanaendelea?"

Waliendelea. Ijumaa ya pili Shibuda alikuja amefunga siku tatu. Kila alipoomba jini lichomwe, Speciose, macho yamefumbwa, aliomba kwa chini Danstan asichomwe, na kama maombi hayo mawili yalikutana njiani ni suala la wanatheolojia. Hakuanguka. Huko Nyarubungo homa iliyokuwa imeshuka ikapanda tena, kama malaria inavyopenda kufanya bila msaada wa mtu.

"Sikiliza," Danstan akamwambia kwenye simu jioni ya Jumapili. "Anguka tu. Chagua mahali pasafi, anguka, piga kelele kidogo, sema umetoka baharini. Watafurahi, tutafunga ndoa, yaishe."

"Haitaisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu litakuwa limeandikwa. Siku nikichoka nikakugeuzia mgongo, Mama Eufrazia ataandika jini limerudi. Siku nikikufurahia sana, ataandika limerudi na mwenzake. Danstan, mimi nimekungoja miaka mingi kabla sijakujua. Siwezi kuja kwako halafu kila kitu changu kiwe cha mtu mwingine wa baharini."

"Na ukisema ukweli?"

"Miezi mitatu benchi la nyuma. Na kijiji kizima kitajua nilikuwa naota nini."

Danstan akakohoa. "Kwani ulikuwa unaota nini?"

"Kunywa dawa," Speciose akasema, akakata simu.

Ijumaa ya tatu ilibakiza siku nane kabla ya harusi. Kanisa lilijaa kuliko Pasaka, maana habari ya jini lisiloanguka ilikuwa imefika vijiji jirani. Shibuda akavua koti. Akamzunguka Speciose mara tatu, akasimama mbele yake, akauliza kwa sauti iliyotikisa mabati:

"Wewe jini mahaba! Jina lako nani?"

Ijumaa mbili swali hilo lilijibiwa na kimya. Safari hii Speciose alifumbua macho.

"Danstan," akasema.

Kanisa likalipuka kwa haleluya. Jini limesema! Wanawake wa vitenge wakasogea. Shibuda alikuwa amekutana na majini mengi, lakini hili lilikuwa la kwanza kuwa na jina la ubatizo.

"Danstan nani?"

"Danstan Bernardo."

"Umetoka wapi?"

"Nyarubungo."

Shibuda akasita. "Nyarubungo ya chini ya bahari?"

"Nyarubungo ya Biharamulo. Ukipita shule, nyumba ya pili, yenye bati jipya."

"Moto," mtu mmoja akasema nyuma, bila uhakika.

"Ulianza lini kumjia binti huyu?"

"Mwaka juzi, ringi za pistoni zilipoisha."

"Na unataka nini kwake?"

"Anataka kunioa, kaka Shibuda. Alileta barua, na mchungaji aliisoma akiwa amesimama hapo hapo ulipo."

Kicheko cha Mama Eufrazia kilianza mabegani. Alikuwa benchi la pili, ameziba mdomo kwa upande wa kitenge, na mabega yalipanda na kushuka mpaka benchi lote likawa linatikisika. Akasimama.

"Speciose, mwanangu. Huyo wa ndotoni ni fundi?"

"Ndiye, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama. Uliuliza shati."

"Ego," Eufrazia akasema, akarudi kwenye lugha yake ya nyumbani kama afanyavyo akishikwa na ukweli. "Ni kweli, niliuliza shati."

Mchungaji Wiston akaja mbele na fomu mkononi. Speciose hakumngoja.

"Na la kumi na tano nilidanganya, mchungaji. Tamaa ninayo. Si ya jini, ni yangu mwenyewe. Nipelekeni benchi la nyuma, nitakwenda. Lakini acheni kumchoma Danstan, amekonda."

Neno hilo, tamaa, lilikuwa limetajwa kanisani humo mara nyingi, lakini sikuzote na mhubiri na sikuzote kuhusu watu wasiokuwepo. Wanaume walitazama dari. Mke wa mchungaji alivichunguza viatu vyake kwa makini.

"Dada Speciose," mchungaji akasema, "kanuni unaijua."

"Mchungaji," Eufrazia akasema akiwa bado amesimama, "na mimi niko wapi kwenye kanuni? Nilimwota Anastazi mwaka mzima kabla hajanioa. Tena hakuwa na shati kabisa."

"Mama Eufrazia!" Anastazi, mzee wa kanisa, akasema kutoka upande wa wanaume. Lakini alijinyoosha kidogo kwenye benchi.

"Kama lile lilikuwa jini, basi nimezaa na jini watoto saba, na mmoja anakupigia kinanda kila Jumapili. Tumtoe?"

Mpiga kinanda akaondoa mikono kwenye kinanda.

Mchungaji Wiston akafanya kosa ambalo semina haikumtahadharisha nalo. Akauliza, "Kuna mwingine mwenye tatizo kama hili?"

Deodata, mke wa mwenye duka la mbegu, akanyoosha mkono. "Mimi nina tatizo la kinyume, mchungaji. Nina miaka kumi na miwili ya ndoa, wangu hajaja ndotoni hata siku moja. Naomba na mimi niwekewe mikono."

Mume wa Deodata alikuwepo. Alicheka baadaye kuliko wengine, lakini alicheka.

Wazee wakaingia chumba cha pembeni na mchungaji. Walikaa kwa muda wa nyimbo nne, na kwaya iliimba ya tano kwa kujihami. Waliporudi, mchungaji alikuwa na uso wa mtu aliyefikiri kweli, na aliposema hakusoma popote.

"Mtume Paulo aliwajua watu wa namna hii," akasema. "Hakuwaambia wakae benchi la nyuma. Aliwaambia waoane. Kwa hiyo harusi iko pale pale, na habari ya uangalizi nimeifuta. Kumtamani mtu unayekwenda kufunga naye ndoa si jini. Lakini kudanganya ni kudanganya. Kwa uongo wa swali la kumi na tano, dada Speciose atakaa benchi la nyuma Jumapili moja."

Speciose alikaa. Benchi la nyuma, kumbe, liko mlangoni na lina upepo mzuri, na aliwakuta huko wanaume watatu wenye afya ambao hawakuwa chini ya nidhamu yoyote, walikuwa wanapumzika tu.

Shibuda naye alitambua wajibu wake. Jumatatu alipanda gari hadi Nyarubungo na mfuko wa dagaa, akamkuta Danstan amekaa juani na blanketi.

"Ndugu yangu, nimekuja kuomba radhi. Nilikuchoma."

"Mara ngapi?"

"Ijumaa mbili. Ya tatu nilisita."

"Na magoti? Magoti niliyasikia sana."

"Magoti nilitia mkazo," Shibuda akakiri.

Danstan akamsamehe. Mpaka leo kila mmoja wao anasema ilikuwa malaria, na mpaka leo Danstan akiumwa kichwa siku ya Ijumaa huuliza nani anaongoza maombi Mbuba.

Jumamosi harusi ikafungwa. Bwana harusi alikuwa amepungua kilo sita, na suti ya kuazima ilimzunguka kama hema. Alipoulizwa kama anamkubali Speciose alisema ndiyo. Alipoulizwa Speciose, alisema ndiyo kwa namna iliyomfanya Mama Eufrazia avue miwani na kumtazama usoni, kwani hakuwa na kitu kingine cha kusoma.

Kabla ya magharibi gari la maharusi liliteremka kuelekea Benaco, lishike njia ya Lusahunga hadi Nyarubungo. Mbele alikaa dereva, binamu yake Danstan, mtu wa maneno mengi. Nyuma walikaa wao wawili, na katikati yao begi la Speciose, mpaka Speciose alipolihamishia miguuni.

"Sasa sisi ni mke na mume," Danstan akasema kwa sauti ya chini. "Kanisa zima limejua kuna ndoto. Shibuda anajua, mchungaji anajua. Mimi ndiye niliyechomwa moto kwa ajili yake, na mpaka leo sijui nilikuwa nafanya nini humo."

Speciose akatazama migomba inayopita dirishani. Kisha akamsogelea, akamwambia sikioni. Haikuwa habari fupi. Walivuka daraja moja na kijiji kizima kabla haijaisha.

Danstan akakaa wima. Akalegeza tai.

"Binamu," akamwambia dereva aliyekuwa anasimulia bei ya matairi, "hebu punguza hadithi, ongeza mwendo."